Sura ya 5: Ethiopian Ni Nzuri kwa Nani?

Ingia ofisi yoyote ya wakala wa tiketi Dar es Salaam, kaa nusu saa, utalisikia swali hili: "Hivi Ethiopian ni nzuri?" Anayeuliza huwa ameshaona bei. Ameshailinganisha na Emirates, Qatar na Kenya Airways, na kilichobaki ni mtu wa kumtoa wasiwasi. Jirani yake amemwambia asisite, yeye huenda nayo China kila baada ya miezi mitatu. Shemeji yake amemwambia aachane nayo, maana kubadilisha ndege usiku wa manane na watoto wawili si jambo la kumtakia mtu. Wote wawili wanasema kweli. Jirani alikwenda kununua mzigo, shemeji alikuwa na watoto mgongoni.

Kwa hiyo swali la kwenye kaunta limekaa vibaya. Shirika la ndege halina uzuri unaomtosha kila mtu. Linaweza kuwa la kwanza kwa mfanyabiashara wa Kariakoo na likawa la tatu kwa bibi wa miaka 75 anayekwenda kutibiwa magoti India. Katika sura hii nitalipima shirika moja, Ethiopian Airlines, kwa wasafiri wa aina mbalimbali. Nimelichagua kwa sababu linatua Dar es Salaam, Zanzibar, Kilimanjaro, Nairobi, Mombasa, Entebbe, Kigali na Bujumbura, kwa hiyo msomaji wangu ama ameshalipanda au atalipanda.

## Shirika lenyewe

Ethiopian iliundwa Desemba 1945 kwa msaada wa shirika la Marekani lililoitwa TWA. Safari yake ya kwanza ya kimataifa ilifanyika Aprili 1946, kutoka Addis Ababa hadi Cairo kupitia Asmara. Mwaka huohuo wa 1946 ndipo East African Airways, shirika la pamoja la Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, lilipoanza kazi. Yalikuwa mashirika ya rika moja. Letu lilikufa 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika. La jirani limepita katika utawala wa kifalme, mapinduzi ya 1974, njaa na vita, na leo lina ndege zaidi ya 100 na linafika miji zaidi ya 100 nje ya Ethiopia. Ni mali ya serikali kwa asilimia 100, jambo ambalo wengi wetu tumezoea kuliona kama dalili ya kifo kwa shirika la ndege. Kila nikiliwaza hili huona wivu, na pia huona fahari, kwa kuwa ni la Afrika.

Ilikuwa ya kwanza Afrika kurusha Boeing 787, ile inayoitwa Dreamliner, mwaka 2012. Tangu Desemba 2011 imo katika Star Alliance, yaani muungano wa mashirika yanayouziana nafasi na kupokezana abiria. Ndani yake wamo Lufthansa, Turkish, United, Air Canada na wengineo. Faida yake kwa abiria ni kwamba maili, yaani pointi unazokusanya kila ukisafiri, unaweza kuzitumia kwa mwenzao pia.

## Na ile ajali?

Swali la pili baada ya bei huwa hili, na halifai kurukwa. Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian iliyokuwa ikienda Nairobi ilianguka dakika chache baada ya kuruka kutoka Addis Ababa. Watu wote 157 walikufa, 32 kati yao wakiwa Wakenya. Ilikuwa Boeing 737 MAX, aina ileile iliyokuwa imeanguka Indonesia Oktoba 2018 na kuua watu 189.

Katika ajali zote mbili, kihisi kilichopo puani mwa ndege, ambacho kazi yake ni kupima pembe kati ya ndege na hewa inayoijia, kilitoa taarifa ya uongo. Programu ya kompyuta ikaamini kwamba ndege imeinua pua kupita kiasi, ikawa inaishusha tena na tena huku marubani wakipambana kuiinua. Baada ya ajali ya pili, aina hiyo ya ndege ilizuiwa kuruka dunia nzima hadi programu iliporekebishwa. Kosa hilo lilikuwamo ndani ya ndege kabla haijafika mikononi mwa aliyeinunua. Ethiopian ina chuo chake cha urubani na karakana zake, na mashirika mengine ya Afrika hupeleka huko wanafunzi na ndege za kutengenezwa. Nikiulizwa kama ningempandisha mama yangu, jibu langu ni ndiyo. Hofu yangu kwa mama ingekuwa kwenye ngazi na foleni, na hayo nitayafikia.

## Addis Ababa ni kama Chalinze

Ili kulielewa shirika hili, anza na Chalinze. Mtu wa Songea anayekwenda Tanga hapati basi la moja kwa moja kila saa anayotaka. Anaweza kupanda la Dar es Salaam, akashuka Chalinze, akasubiri linaloelekea kaskazini. Chalinze ipo pale kwa sababu njia zinakutana. Uwanja wa Bole, Addis Ababa, hufanya kazi hiyohiyo angani. Sehemu kama hiyo huitwa kitovu: mahali ambapo shirika hukusanya abiria kutoka kila upande na kuwagawa upya.

Kitovu huenda kwa mawimbi. Jioni ndege kutoka miji ya Afrika humiminika Bole. Kuanzia kama saa nne usiku hadi baada ya saa sita, zinaondoka kwenda Ulaya, Asia na Amerika. Alfajiri wale wa Ulaya na Asia wanatua, na asubuhi ndege hutawanyika tena kuelekea Afrika. Kutoka Dar es Salaam hadi Addis ni karibu saa tatu, kutoka Nairobi ni kama saa mbili.

Ukilijua hilo, mengi yanayolalamikiwa yanaeleweka. Wimbi likijaa, foleni ya ukaguzi ni ndefu kwa sababu ndege nyingi zimetua karibu wakati mmoja. Na ndege yako ya kwanza ikichelewa ukaikosa ya pili, ya kufuata haiji baada ya saa moja. Kwa miji mingi itabidi usubiri wimbi la kesho.

Kwa ufupi: ukinunua tiketi ya Ethiopian unanunua safari mbili na kituo kimoja katikati, mara nyingi usiku. Anayekiweza kituo hicho ataridhika na safari nzima.

## Saa za tiketi na saa zetu

Waethiopia huhesabu saa kama Waswahili: jua likishachomoza ni saa moja. Ukimuuliza mtu wa mtaani Addis saa ya basi, atakujibu kwa hesabu unayoijua tangu utotoni. Tiketi haifuati hesabu hiyo. Huandikwa kwa saa 24, kwa hiyo 17:30 ni saa kumi na moja na nusu jioni.

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye tarehe. Ndege iliyoandikwa 00:25 tarehe 15 inaondoka usiku wa kuamkia tarehe 15. Ukilala nyumbani usiku wa tarehe 14 ukiamini safari ni kesho yake usiku, umeshaachwa. Mawakala wazuri huandika kwa kalamu pembeni: "Fika uwanjani tarehe 14 usiku." Kama wako hakuandika, mwombe aandike.

## Mfanyabiashara wa Guangzhou

Huyu ndiye msafiri ambaye Ethiopian inamfaa kwelikweli. Inaruka China tangu 1973, miaka mingi kabla Kariakoo haijaanza kuagiza mzigo wa huko, na leo Guangzhou ni moja ya njia zake zenye kazi. Kuondoka usiku kunamfaa mtu wa biashara: anafunga duka, anapanda ndege, analala njiani, anashuka China siku inayofuata.

Kinachomvuta hasa ni mabegi. Kwa muda mrefu daraja la kawaida la Ethiopian, katika safari nyingi za nje, limekuwa likiruhusu mabegi mawili ya kilo 23 kila moja, na begi la mkononi la kilo 7. Usichukulie hivyo tu, kwa sababu tiketi za bei ya chini huweza kuwa na masharti tofauti. Kwenye tiketi tafuta "2PC", yaani mabegi mawili, au "1PC".

Kisha elewa hesabu ya mizani. Simama dakika kumi karibu na kaunta za jengo la tatu la abiria, uwanja wa Julius Nyerere. Utaona mtu amepiga magoti sakafuni, begi liko wazi, anahamisha pakiti za dagaa kutoka begi moja kwenda jingine huku foleni ikimtazama. Begi lake la kwanza lina kilo 26, la pili 18. Jumla ni 44, chini ya 46 alizoruhusiwa, na bado anaambiwa amezidisha. Ndiyo, amezidisha: kipimo ni cha kila begi, hakijumlishwi. Kimzani cha kuning'iniza, kinachouzwa madukani kwa bei ya kawaida kabisa, kingemwepusha na aibu hiyo.

Jambo jingine kwa wanaofuata vifaa vya simu: pawabenki haziingii kwenye begi la kupakiwa. Ni sheria ya mashirika yote, kwa sababu betri za aina ile huweza kushika moto. Zinabebwa mkononi, na kwa kiasi. Mzigo wa betri husafiri kwa kago, kwa utaratibu wake.

Katika kulinganisha bei, linganisha na mabegi ndani yake. Chukulia tiketi moja ni dola 780 na begi moja, nyingine ni dola 850 na mabegi mawili, na begi la ziada ni dola 150. Anayekwenda kununua mzigo, ile ya 850 ndiyo rahisi. Anayekwenda semina ya siku tatu achukue ya 780. Air Tanzania nayo huruka kutoka Dar es Salaam hadi Guangzhou kwa Dreamliner zake, kwa hiyo mpime na huyo pia: siku anazoruka, mabegi anayokupa, na saa ngapi utakuwa njiani.

## Afrika kwenda Afrika

Hapa sina la kuzunguka. Mtu wa Dar es Salaam anayekwenda Abidjan, Bamako au Ndjamena, na wa Bujumbura anayekwenda Dakar, ataikuta Ethiopian karibu kila anapotafuta njia. Wakati fulani watu walilazimika kwenda Paris au Brussels ili wafike mji mwingine wa Afrika. Ethiopian ina hisa pia katika ASKY ya Lomé, Togo, inayosambaza abiria Afrika Magharibi. Kwa ofisa, mhadhiri au mfanyakazi wa shirika la misaada, hii ndiyo njia, na akikusanya maili zake vizuri atafika daraja la kupumzika kwenye sebule ya uwanja badala ya kusimama.

## Mama mwenye watoto, mzee na mgonjwa

Kwa hawa naweka sharti: kama ipo ndege ya moja kwa moja na tofauti ya bei mnaweza kuibeba, lipeni tofauti hiyo. Familia nyingi humtafutia mzee tiketi ya chini kabisa, kisha hushindwa kulala usiku ule zikijiuliza kama amefika lango sahihi. Anayekwenda kutibiwa Mumbai, kwa mfano, atazame kwanza safari ya moja kwa moja ya Air Tanzania.

Ikiwa Addis haiepukiki, kaeni chini na wakala mpange mambo haya kabla ya kulipa.

Kiti cha magurudumu. Ni huduma ya bure, ila huombwa mapema, angalau siku mbili kabla. Wengi hawajui kwamba ina madaraja matatu: wa kwanza ni yule anayeweza kupanda ngazi ila hawezi kutembea mbali, wa pili hawezi ngazi, wa tatu hawezi kutembea kabisa na hupelekwa hadi kwenye kiti chake ndani ya ndege. Bole kuna safari nyingi ambazo abiria hupelekwa kwa basi hadi ilipo ndege, kisha wanapanda ngazi. Kwa hiyo mzee mwenye magoti mabovu aandikwe daraja la pili. Akiandikwa la kwanza, mhudumu atamfikisha chini ya ngazi na kumwacha hapo.

Baridi na hewa. Addis iko mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari, juu kuliko Nairobi, na usiku wake ni wa sweta. Mtu wa Tanga au Mombasa aliyevaa kanga na ndala ataumia. Mwenye shida ya moyo au mapafu aulize daktari wake kuhusu mwinuko huo na kuhusu kupanda ndege kwa jumla.

Mtoto mchanga. Ndege kubwa zina kitanda kidogo kinachofungwa ukutani mbele ya viti vya mstari wa kwanza. Ni vichache, na hupewa aliyeomba mapema. Chagueni safari yenye saa tatu hivi za kusubiri Addis. Saa moja na watoto ni mbio, na saa nane ni mateso.

Hoteli. Ethiopian huwa inawapa hoteli abiria wa kuunganisha wanaosubiri kwa muda mrefu, ila kwa masharti: kusubiri kuwe kwa saa nyingi, na kusiwepo ndege yake ya mapema zaidi ambayo ungeweza kuipanda. Aliyechagua mwenyewe kusubiri kwa sababu bei ilikuwa ndogo hahesabiwi. Uliza kama tiketi yako inastahili, na wakala akuonyeshe palipoandikwa. Ukilala Addis, beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kwa sababu Tanzania huidai kwa aliyepitia nchi yenye ugonjwa huo na kukaa zaidi ya saa 12. Kadi hiyo siku hizi ni ya maisha.

## Ndugu zetu wa Marekani na Ulaya

Wanaoishi Washington na Chicago huuliza kwa nini ndege ya kutoka Addis mara nyingi hutua njiani, wakati ya kuja Addis inakuja moja kwa moja. Sababu ni ule mwinuko. Juu hivyo hewa ni nyembamba, mabawa na injini hupata nguvu kidogo, na ndege haiwezi kuruka ikiwa imejaa watu, mizigo na mafuta ya safari nzima. Basi inaruka na mafuta pungufu na kuongeza njiani, huku abiria wakibaki vitini. Viwanja vya Marekani viko chini, kwa hiyo kurudi hakuna shida hiyo. Mtu wa Nairobi anayekwenda New York alinganishe na Kenya Airways, inayoruka moja kwa moja tangu Oktoba 2018.

Wa Ulaya wana haki ambayo wachache huidai. Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya 2004 humlinda abiria wa shirika lolote anayeondoka kwenye uwanja ulio ndani ya Umoja huo. Ukitoka Frankfurt na Ethiopian, ukafika umechelewa sana kwa kosa la shirika, unaweza kudai fidia hadi euro 600. Ukitoka Dar es Salaam kwenda Frankfurt na shirika hilohilo, sheria hiyo haikuhusu.

Kwa anayekwenda Muscat nina neno moja: Oman Air huja kwetu moja kwa moja. Kupitia Addis ni kuzunguka, labda bei iwe imekushinda kabisa.

## Herufi tatu

Nimeacha kwa makusudi jambo ambalo ni kubwa kuliko jina la shirika: tiketi moja au mbili. Miaka kadhaa iliyopita nilijiona mjanja. Nilinunua tiketi ya shirika moja hadi mji wa katikati, kisha tiketi tofauti ya shirika jingine kutoka hapo, nikaokoa karibu dola 90. Ndege ya kwanza ilichelewa saa nne. Wa pili waliniambia, kwa adabu, kwamba kwao mimi ni mtu ambaye hakutokea. Tiketi ilipotea, nikalipa mpya kwa bei ya siku hiyo, na begi langu lilibaki likizunguka kwenye mkanda wa mji nisioruhusiwa kuingia. Ningekuwa na tiketi moja yenye safari zote mbili, kunifikisha kungekuwa mzigo wa shirika, na begi lingehamishwa bila mimi kuligusa.

Begi likichelewa au kuharibika, usitoke uwanjani bila kuandikisha taarifa na kupewa nakala yenye namba. Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania, Kenya na Ethiopia zimo, unakupa siku 7 kulalamika kwa maandishi kuhusu begi lililoharibika, na siku 21 tangu ulipolipata kwa lililochelewa. Zikipita, haki imepita.

Na kwenye kaunta, mhudumu anapofunga lebo kwenye begi lako, iname uisome. Ina herufi tatu kubwa za mji. DAR ni Dar es Salaam, ADD ni Addis Ababa. Ya Guangzhou ni CAN, kutokana na jina la zamani la mji huo, Canton, na wako waliopaza sauti wakidhani mzigo unapelekwa Canada. Kama unakwenda Guangzhou na umeona ADD peke yake, begi litaishia Addis. Mwambie mhudumu palepale, mkanda haujaanza kutembea.